Mama Asiambiwe

Mwezi wa kumi na moja, kabla mvua hazijakolea, Luciana alimchukua mume wake nyuma ya nyumba yao ya Mtowisa akamwonyesha mahali alipotaka kuzikwa. Palikuwa na kimwinuko karibu na zizi.

"Hapa," alisema. "Kwenye makaburi ya ukoo maji yanatuama. Mimi na maji hatupatani."

Fabiani hakubisha. Alikuwa mtu wa kusikiliza mpaka mwisho, halafu kujibu jambo dogo la pembeni. "Ng'ombe watakusumbua," alisema. Wakacheka wote wawili, na kicheko kikamletea Luciana kile kikohozi cha kujikunja, mpaka Fabiani akamshika mabega asianguke.

Alikuwa akikohoa tangu mwaka uliotangulia. Alipewa dawa za kifua kikuu akazimeza mpaka zikaisha, kikohozi kikabaki palepale. Alikonda, sauti ikawa ya kukwaruza, na usiku alilala ameketi. Sigara hakuwahi kuitia mdomoni. Alichokijua ni moshi wa jikoni, wa mafiga na wa mapipa ya pombe ya ulezi aliyoipika tangu usichana wake. Walipompeleka Mbeya kufanyiwa kipimo kikubwa, waliona uvimbe kwenye pafu la kulia, na madoa mengine yameshafika kwenye ini. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imekwenda mbali.

Tumaini lililokuwapo lilikuwa Sumbawanga mjini, kwenye hospitali moja ya misheni iliyokuwa na kitengo kidogo cha saratani. Pale walikuwa wakifanya utafiti wa dawa pamoja na hospitali nyingine za nchi mbalimbali. Daktari Mathias, kijana mwenye sauti ya chini, aliwaketisha Luciana na watoto wake wawili, Vicent na Monika, akaeleza bila haraka.

"Mama, dawa za kemo utazipata hata ukiukataa utafiti. Hizo tunazijua, zinaua uvimbe. Tunachokitafiti ni dawa ya pili. Hii haiui uvimbe yenyewe. Inaamsha kinga ya mwili wako iutambue uvimbe na kuushambulia. Nusu ya wagonjwa wanapata kemo pamoja na dawa hii. Nusu nyingine wanapata kemo pamoja na maji ya chumvi, kwenye mfuko unaofanana kabisa na ule wa dawa. Kompyuta ndiyo inayogawa. Mimi sijui nani kapata nini, nesi hajui, na wewe hutajua."

"Mpaka lini?"

"Mpaka utafiti wote uishe. Ni miaka."

"Na nikichoka?"

"Unaondoka. Wakati wowote, na hakuna atakayekuuliza sababu."

"Hataondoka, daktari," alisema Vicent.

Daktari hakumgeukia. "Ninaongea na mama," alisema.

Luciana alimtazama mwanawe mkubwa, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri hukumu, akamtazama na Monika, aliyekuwa akikunja na kukunjua ncha ya kitenge. Akasema anakubali.

Lilikuwapo sharti moja. Dawa ile ikishaamsha kinga, kinga yenyewe inaweza kugeuka ikaushambulia mwili, ikavimbisha mapafu au matumbo. Mgonjwa akianza homa au kubanwa pumzi lazima afike hospitali siku hiyohiyo. Na Mtowisa iko chini bondeni, ng'ambo ya milima ya Lyamba lya Mfipa, ambako mvua zikinyesha gari hukwama kwenye mteremko, mito hufurika, na watu hukaa bila kutoka. Kwa hiyo Luciana angekaa mjini, kwa Monika, mtaa wa Katandala, mpaka masika yaishe. Fabiani angebaki Mtowisa na mpunga na ng'ombe, pamoja na Vicent na mkewe.

Siku ya kuagana Fabiani alimbebea mfuko wake mpaka kwenye gari. "Nenda ukatibiwe," alisema. "Mimi nipo."

Luciana alikuwa mtu wa joto la bonde. Uwanda wa Ufipa ulimpokea kwa manyunyu na ukungu, na ubaridi uliopita chini ya mlango. Monika alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mume wake dereva wa malori ya Tunduma aliyeonekana nyumbani kwa nadra, na mtoto wao alikuwa shule ya bweni. Asubuhi Monika alimwachia mama yake uji kwenye chupa ya chai, maji ya kuchemsha, blanketi mbili na simu iliyojaa chaji, kisha akafunga geti kwa kufuli kwa nje.

"Siyo wewe nakufungia, mama," alieleza. "Nafungia mafua. Hawa majirani wataingia kukusalimia, mmoja anapiga chafya, na damu yako haina askari wa kutosha."

Lilikuwa jambo la kweli. Kemo ilikuwa imemshusha chembe nyeupe za damu, na daktari mwenyewe alikuwa ameonya juu ya mikusanyiko. Hivyo Luciana hakwenda kanisani, aliletewa komunyo nyumbani. Hakwenda sokoni. Akishika fagio, Monika alimpokonya taratibu. Akichambua maharage, aliambiwa vumbi litamkohoza. Dirisha la chumba chake lilitazama ukuta wa jirani, na ukuta ule ulikuwa na ufa uliopinda, akaujua ufa wote kama anavyoujua mkono wake.

Kilichomfaa ni simu. Kila jioni Fabiani alipanda juu ya kichuguu kimoja nyuma ya majaruba ya mpunga, mahali pekee mtandao ulipopatikana vizuri, akampigia.

"Umekula?"

"Nimekula. Mpunga?"

"Umeshika. Yule ng'ombe mwekundu kazaa dume."

"Wewe unakula nini?"

"Anachopika mke wa Vicent. Chumvi nyingi."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, na Luciana aliyangoja tangu asubuhi. Kila baada ya wiki tatu alikwenda hospitali kutundikiwa dripu. Nywele zilidondoka zote. Mdomo ulipata vidonda, chakula kikawa na ladha ya chuma. Lakini mwezi wa pili ulipoingia alianza kulala chali tena, na kikohozi kikawa cha kupita tu. Daktari Mathias alimwonyesha picha mbili za kifua chake, ya zamani na ya sasa, na hata asiyesoma aliona doa limepungua. Monika alilia palepale ofisini. Vicent alipoambiwa kwa simu alisema, "Basi dawa hii isikatike hata siku moja."

Mwezi wa tatu mvua zilikuwa za kutisha. Jioni moja simu ya Fabiani haikulia. Luciana akapiga yeye, haikupatikana.

"Mnara wa kule umezimika," alisema Monika. "Kila mtu analalamika."

Siku zilizofuata Vicent alipiga kwenye simu ya Monika. Alisema baba yao ameangusha simu kwenye jaruba, imekufa, atanunuliwa nyingine njia ikifunguka. Sauti yake ilikuwa imekauka. Alisema ni mafua. Monika naye macho yalikuwa mekundu, naye akasema ni mafua, akavaa barakoa ndani ya nyumba. Halafu akasema ana semina ya walimu Mpui, akamwacha Luciana na jirani mmoja, mjane aitwaye Anjela, aliyekaa akifuma kitambaa chake bila maneno mengi. Monika alirudi akiwa amechoka, viatu vyake vimejaa tope jeusi. Luciana aliyaona yale matope. Udongo wa Mpui ni mwekundu. Alijiambia kuwa huenda barabarani pamechimbwa.

Siku ya dripu iliyofuata, chumba cha dripu kilikuwa na wagonjwa wachache. Kiti cha jirani kilikuwa cha Mzee Romani, mkulima wa mahindi kutoka Mpui, mgonjwa wa mapafu kama yeye, naye yumo kwenye utafiti uleule. Walikuwa wamezoeana kwa kukaa pamoja siku za dripu. Mzee Romani alikuwa na mzaha mmoja ambao hakuuacha. Aliutazama mfuko wake, akautazama wa Luciana, akauliza, "Leo nani kapewa dawa na nani kapewa maji?"

"Wewe maji," alijibu Luciana. "Ndiyo maana huzeeki."

Nesi Modesti alikuwa ameshampata mshipa na mfuko wa kwanza, ule wa utafiti, ulikuwa umeanza kushuka. Monika alikuwa nje kwenye benchi, kwani ndugu hawakuruhusiwa kujazana ndani. Ndipo akaingia mwanamke mmoja aliyevaa koti la mvua, kaja kumwona Mzee Romani. Alikuwa Silvana, mpwa wa mzee, aliyeolewa Mtowisa. Alimwamkia mjomba wake shikamoo, akageuka, akamwona Luciana. Uso wake ukabadilika. Akapiga goti kidogo, akaushika mkono wa Luciana usio na sindano kwa mikono yake yote miwili.

"Pole sana, Mama Vicent. Pole kwa msiba. Siku ya kuzika sikuweza, mtoto alikuwa na homa, lakini kwenye matanga tulikuja."

Luciana alimtazama. "Msiba wa nani?"

Silvana aliuachia mkono wa Luciana. Mzee Romani aliinamisha kichwa.

"Nimechanganya, mama. Nisamehe."

"Hujachanganya. Umenishika kwa mikono miwili. Msiba wa nani, Silvana?"

"Wa Baba Vicent," alisema Silvana kwa sauti iliyokuwa karibu haisikiki.

Luciana alisimama. Mpira wa dripu ulijivuta, sindano ikamchoma ndani ya mshipa, na mashine ya dripu ikaanza kulia. Nesi Modesti alikuja mbio akamshika kiwiko.

"Mama, kaa, kaa. Damu inarudi kwenye mpira. Kuna nini?"

"Nitoe kwenye dripu."

"Nikutoe kabisa? Bado mfuko huu, halafu ile mingine ya kemo."

"Nimesema nitoe."

Modesti hakubishana. Aliweka mkono kwenye sindano, akasubiri, akimtazama usoni. Luciana alitazama mlango. Nje ya mlango ule alikuwapo Monika na mwavuli. Baada ya Monika lilikuwapo geti, na baada ya geti mteremko uliojaa maji, na huko chini mtu aliyekuwa amekwisha kuzikwa. Hapakuwa na mahali pa kwenda ambapo pangebadili kitu. Akakaa.

"Acha," alimwambia Modesti. "Acha imalizike."

Kisha akamgeukia Silvana. "Niambie yote. Taratibu."

Silvana akamwambia, akiwa amechuchumaa kando ya kiti. Fabiani alikuwa na ngiri ya siku nyingi, ambayo hakuwahi kuilalamikia. Siku ile alikuwa akisaidia kunasua mkokoteni kwenye tope, ngiri ikashuka, utumbo ukakabwa. Alipiga kelele za maumivu, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipiga kelele. Walimpakia kwenye gari kumpandisha mjini akapasuliwe, gari likakwama kabla ya kijiji cha Muze. Wakamhamishia kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Alikata roho wakiwa bado hawajauvuka mto.

"Aliniita?"

"Sikuwapo, mama. Wanasema aliuliza kama njia ya mjini imefunguka."

Luciana aliuliza nani alimwosha, alivikwa nguo gani, nani alisoma sala. Aliuliza kaburi liko wapi, akaambiwa kwenye makaburi ya ukoo. Hakulia. Kulia kulimletea kikohozi, na alikuwa na dripu mkononi. Matone yalishuka mbele ya macho yake, yasiyo na rangi, na hakuna mtu katika chumba kile, wala hospitali ile, aliyejua kama yalikuwa dawa au maji ya chumvi.

Mlango ulifunguka, Monika akaingia na chupa ya uji. Alimwona Silvana amechuchumaa. Akasimama hapohapo, akaiweka ile chupa sakafuni polepole.

Dripu ilipokwisha walirudi nyumbani. Luciana alikaa sebuleni na koti lake.

"Ile semina ilikuwa ya kumzika baba yako."

"Ndiyo, mama."

"Mlisema njia imefungwa. Wewe ulipita wapi?"

Monika alipiga magoti kwenye zulia. "Nilipanda pikapu mpaka ilipokwama. Nikatembea. Mto nilivushwa mgongoni mwa mtu, kisha nikapata bodaboda. Mama, wiki ile damu yako ilikuwa chini kabisa. Daktari alisema hata mafua ya mtoto yanaweza kukuua. Wewe ungevushwa mto mgongoni, mvua inanyesha, uende ukakae chini na watu mia wanaokulilia usoni?"

"Ningekufa, basi ningezikwa pamoja naye."

"Ndivyo tulivyoogopa." Monika alikuwa akilia sasa. "Ukoo ulikaa. Baba mdogo Zephania akasema, mama asiambiwe mpaka dozi ipite. Vicent akakubali. Mimi nikakubali. Halafu ikawa kila nikitaka kukuambia naona kuna dozi nyingine mbele. Sikupata siku ya kukuambia, mama. Haikuwapo."

Luciana alimtazama binti yake kichwani, palipogawanyika nywele, kama alivyokuwa akimtazama alipokuwa mdogo akimsuka. Alitaka kumpiga, na alitaka kumshika. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikwenda chumbani akalala akitazama ukuta wa jirani.

Kesho yake alidai kupelekwa kwa daktari. Daktari Mathias alisikiliza yote, akavua miwani.

"Pole sana, mama. Sikujua."

"Najua hukujua. Leo nataka jambo moja. Niambie kama ninapewa dawa au maji."

"Sijui, mama. Kweli sijui."

"Fungua uangalie."

"Inafunguliwa kwa dharura tu, pale maisha yako yakitegemea kujua. Na kujua leo hakutabadili tiba yako. Ninachoweza kukuambia ni kwamba uvimbe umepungua. Huenda ni kemo, huenda ni zote mbili."

"Kama ni maji," alisema Luciana, "basi nimekosa kumzika mume wangu kwa ajili ya maji ya chumvi."

Daktari alivaa tena miwani yake. Kisha akasema, "Dozi inaweza kusogezwa, mama. Siku kadhaa, hata wiki. Utafiti unaruhusu. Kwa damu yako ya wiki ile ningekushauri usisafiri. Lakini ningekushauri tu. Uamuzi ungekuwa wako."

Monika, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliegemea fremu. "Inasogezwa?" aliuliza.

"Inasogezwa. Hakuna aliyeniuliza."

Waliporudi, Monika hakufunga geti kwa nje tena. Luciana aliona, wala hakutoka.

Mvua zilipopungua na damu yake ilipopanda, Vicent alikuja na gari kumchukua. Alishuka akasimama kando ya mlango wa gari mikono nyuma, kama alivyosimama utotoni alipopoteza mbuzi. Alisema, "Shikamoo, mama." Luciana aliitika marahaba akapanda. Njia nzima ya mteremko, kwenye kona ambazo mawe yalikuwa bado yameporomokea barabarani, Luciana alitazama nje. Joto la bonde liliingia dirishani, na mwili wake ukalifurahia kabla yeye hajauruhusu.

Walikwenda moja kwa moja makaburini. Udongo ulikuwa umedidimia, na kando yake palikuwa na dimbwi. Luciana aliketi chini. Alimweleza Fabiani kwa Kifipa kwamba hakuambiwa. Alirudia mara kadhaa, kwa sababu lilikuwa ndilo jambo pekee alilotaka Fabiani ajue.

Wanawake wa ukoo walimpokea nyumbani wakamketisha kwenye mkeka. Matanga yalikuwa yamekwisha, lakini mjane alikuwa hajanyolewa, na wakaona ni haki afanyiwe. Walipomfungua kitambaa, hapakuwa na unywele wa kunyoa. Mmoja akaanza kulia, wengine wakamfuata. Luciana aliwatazama wakilia, yeye macho makavu.

Zephania, mdogo wake Fabiani, alikuja jioni na kigoda chake. "Shemeji," alisema, "najua umetukasirikia. Kosa ni langu. Tulikuwa na maiti mmoja, hatukutaka wawili. Tulikuokoa."

"Najua mliniokoa," alijibu Luciana. "Ndiyo shida yangu. Mngenidhuru ningejua pa kuanzia."

Alikaa Mtowisa, akifukuza kuku kwenye mpunga ulioanikwa, akipika mwenyewe nje na siyo ndani ya moshi. Alikuwa na nguvu ambazo hakuwa nazo mwaka mzima, na hilo lenyewe lilimwuma. Siku ya dozi ilikuwa ikikaribia. Hakuna aliyethubutu kuitaja. Vicent alilitengeneza gari, akalijaza mafuta, akaliacha limeelekea barabarani.

Luciana aliliona gari lile na kulizunguka moyoni. Akiacha dawa, basi Fabiani alizikwa bila yeye bure kabisa, na wanawe watabaki na kosa lisilo na faida yoyote. Akiendelea, atarudi kwenye baridi ile na chumba kile, akimeza uzima ambao wengine walimchagulia, na kila mwezi atakaopona utakuwa ushahidi kwamba walifanya vizuri kumficha. Daktari alisema anaweza kutoka wakati wowote. Alitafuta mlango wa kutokea, na kila aliouona ulifungukia ndani ya nyumba ileile.

Usiku ule hakulala. Asubuhi alivaa, akakaa kiti cha mbele cha gari, akamwita Vicent.

"Nakwenda," alisema. "Lakini nisikilize, na dada yako umwambie. Mimi nikifa, watu mtawaambia. Akifa mtu, mtaniambia mimi. Hata kama nimelala. Hata kama nina sindano mkononi. Hata kama daktari mwenyewe amekataza. Nitajua mwenyewe la kufanya."

"Ndiyo, mama."

"Na sijakusamehe bado. Endesha."

Alirudi Katandala, chumba kilekile, maana kuupanda mteremko kila wiki tatu kungemchosha. Kiangazi kilifika, na pamoja nacho upepo mkavu wa uwandani unaopasua midomo. Kipimo kilichofuata kilionyesha uvimbe umetulia, haukui wala haupungui. Daktari Mathias alisema hiyo ni habari njema. Dripu zingeendelea hadi miaka miwili kama ugonjwa utabaki hivyo. Luciana alirudia maneno yale, "miaka miwili," na daktari hakuweza kujua kama anashukuru au anapima kifungo.

Mzee Romani hakuonekana siku moja ya dripu. Modesti alisema ugonjwa umemwendea kichwani, ametolewa kwenye utafiti, amerudishwa nyumbani. Kwenye kiti chake aliketi mtu mwingine.

Muda si mrefu baadaye, Luciana alikuwa akikoroga uji jikoni, kazi ambayo Monika alikuwa ameshaacha kumpokonya, binti yake akaingia akiwa bado na mkoba wa shule begani. Alisimama katikati ya mlango.

"Mama. Kuna jambo."

Luciana aliteremsha sufuria. "Sema."

"Mzee Romani amefariki. Silvana kapiga simu. Wanazika kesho, Mpui." Akaushusha mkoba. "Kesho ndiyo dripu yako."

Walitazamana. Monika hakuongeza neno la ushauri. Ilionekana jinsi alivyolishikilia mdomoni.

"Mpigie daktari," alisema Luciana. "Mwambie nitakuja keshokutwa. Mwambie nina msiba."

Monika akapiga. Daktari akasema, sawa.

Walikwenda Mpui kwa gari la asubuhi, Luciana na barakoa yake na sweta mbili. Upepo ulipeperusha makapi ya ulezi uani mwa marehemu. Alikaa na wanawake chini kwenye majani makavu, akaimba nao, akaingia kwenye mstari wa kumwaga udongo. Zamu yake ilipofika alichota konzi ya udongo mwekundu, akausikia ulivyo baridi na mzito. Akautupa. Uliposikika ukigonga jeneza, kilio kilichokuwa kimemkaa kifuani tangu masika kikatoka, kirefu, pamoja na kikohozi, hakikuweza kuzuiwa. Alimlilia Fabiani kwa jina. Monika alimshika kiunoni, naye akalia, na hakumwambia anyamaze.

Watu wa Mpui waligeuka kumtazama. Mzee mmoja alimwinamia Monika akauliza kwa heshima, "Huyu mama ni nani wa marehemu?"

Monika alifuta uso kwa kiganja.

"Walikuwa wakitibiwa pamoja," alisema.

Yule mzee akaitikia kwa kichwa, akawatafutia kigoda.